Chini Kushoto

Ukumbi wa Sib, saa nne za usiku.
Nje joto limelalia magari kama mgonjwa,
ndani baridi ya mashine, na sakafu ya vigae vya plastiki
ya buluu, imefutwa mara tatu na Mbangali mmoja
ambaye hakuna aliyemuuliza jina.

Mimi ni kipa. Sifongo, ngozi, kofia yenye vyuma;
bibi yangu Thuweba aliponiona pichani alisema:
"Mjukuu wangu kajifunika kawa usoni
kama wali unaochelea nzi."

Kwenye karatasi ni Haitham bin Nasri, Oman, nambari moja.
Kwenye karatasi hakuna mahali pa kuandika
kwamba nililelewa kwa Kiswahili cha Wete,
kwamba kwetu Al-Khudh, mlango ukishafungwa,
Kiarabu huvuliwa pamoja na viatu.

Siku ya pili ya mashindano wakaja Wakenya.
Wepesi. Magurudumu yalilia kama kitambaa kinachochanwa,
magongo ya kuazima yamezongwa utepe,
na wakipangiana mambo kwa sauti, hadharani,
kama watu wanaomsema mkwe mbele ya kiziwi:
"Mutuku, mpe Barasa! Barasa, chini kushoto,
huyu kipa mguu wake mzito!"

Na mguu wangu mzito
ukafika chini kushoto kabla ya kisahani.

Mara moja ni bahati.
"Zungusha nyuma ya lango!" Niko nyuma.
"Juu, begani!" Bega limeshafika.
Mapumziko: mbili kwetu, kwao sufuri.
Kocha wetu, Mcheki, akanipiga kofi la mapenzi kisogoni,
akasema nina macho ya mwewe.
Sikumwambia ni masikio.

Nilikunywa maji, nikaona haya kidogo,
haya ya mtu aliyesoma barua ya jirani
kwa kuwa tu ilianguka wazi.

Kipindi cha pili Barasa akapita mbele yangu akihema:
"Huyu ni kipa au ni jini?"
Nikacheka ndani ya kawa langu.
Wakapata mawili hata hivyo; masikio hayazuii kila kitu.

Tatu kwa mbili, tunaongoza, dakika tano zimebaki,
mashine ya baridi juu ya lango ikaanza kudondosha.
Tone. Tone. Dimbwi la ukubwa wa sinia
pale pale Barasa alipokuwa anakuja, mbio,
kichwa chini, magurudumu yote manane.
Mtu akianguka hivyo, shingo ndiyo hulipa.

Sikufikiri. Mdomo ulifikiri:
"Maji hapo, mwanangu! Maji! Pita huku!"
Kwa sauti ya bibi, ile ya kumwita
mtoto aliyekaribia kisima.

Akapinda. Akasimama kwa ncha. Akanitazama
kama mtu aliyesalimiwa na ukuta.
Refa akapiga filimbi; Mbangali akaja na tambara
(Shofiq, jina lake, niliuliza baadaye).
"Kumbe," alisema Barasa. Neno hilo tu.

Wakakutanisha vichwa. Mchezo ulipoanza tena
Mutuku alipiga kelele kwa Kikamba,
na Kikamba mimi sijui hata salamu.
Kisahani kikaingia chini kushoto,
kisha kingine, hata sijui kilipita wapi.
Honi. Nne zao, tatu zetu.

"Mwewe amelala," kocha akanung'unika.

Kwenye mstari wa kupeana mikono, glavu zimelowa,
Barasa alinishika asiniachie:
"Wa wapi wewe?"
Swali la sekunde moja; jibu lake lina miaka sitini.
Nikaanzia Wete, nikapotea, nikarudi,
nyuma yake wenzake wamesongamana, foleni imekwama.
"Basi," nikasema, "kesho hamna mechi. Njooni nyumbani.
Bibi atataka kuiona hiyo lugha
iliyomfunga mjukuu wake.
Na viatu mvue mlangoni,
vya magurudumu hasa."