Theluji ni Shilingi Ngapi

"Theluji ni shilingi ngapi?" Tusekile aliniuliza
tukiwa kwa jirani, umeme umerudi,
kwenye runinga watu wanateremka mlima
na mbao mbili miguuni, kama wanaokimbia deni.
Nikamwambia, ngoja nipige hesabu.

Daftari la vikoba lina kurasa tupu nyuma.
Kilimanjaro: basi, watu wanne, kwenda na kurudi,
malazi, kiingilio, glavu, viatu, mpagazi.
Kufika kwenye mpagazi kalamu ikagoma yenyewe.
Nikapiga mstari, taratibu,
kama anayefunika sufuria isiyo na kitu.

Mama mkwe kwenye simu akasema kwao Makete
kuna asubuhi za Juni nyasi huamka na mvi.
Sakitu, akasema, na haina kiingilio.
Lakini Makete nayo ina nauli.

Basi, Morogoro. Kwenda alfajiri, kurudi usiku,
hakuna kulala, kulala ndiko kunakofilisi watu.
Treni ya umeme, wakubwa wawili, watoto nusu.
Bajaji toka Tabata mpaka stesheni, Ambakisye apakatwe.
Chapati kumi na mbili. Mayai. Chupa ya chai.
Akiba ya dharura, elfu tano, ISIGUSWE.
Jumla ikaja kubwa kuliko mimi.
Nikaondoa soseji. Nikaondoa soda.
Mume wangu akaondoa sigara zake za mwezi mzima;
hakusema,
nilihesabu pakiti.

Jumamosi tukaenda Karume kutafuta masweta.
Chini ya rundo la jinzi nikavuta koti la buluu,
nene kama godoro, kiwiko kimeshonwa,
kwenye zipu inaning'inia kadi
yenye picha ya mlima na maandishi nisiyoyajua.
Muuzaji, jasho likimtona, akaapa ni koti la mvua.
Nilijua si la mvua.
Lilishakwenda tunakotaka kwenda,
na likaanguka huko.
Elfu sita. Nne. Haya tano, dada, nikukatie na hiyo kadi.
Usikate, nikamwambia.

Uluguru, saa nne asubuhi,
ukungu ukatushukia juu ya mashamba ya migomba.
Tusekile akatoa ulimi kuuonja.
"Si theluji."
"Si theluji."
"Sasa ni nini?"
"Ni ile inayopatikana kwa pesa yetu."

Akanyamaza. Nikajuta kusema.
Mkude, kijana aliyetuongoza, hakuwa na la kusema pia;
alichomoa panga, akabandua ganda la mgomba,
akalikalia juu ya nyasi zilizolowa,
akatoweka.
Kicheko chake tukakisikia kutoka bondeni
kabla ukungu haujatuonyesha kichwa.

Kisha mwanangu, koti likimfika magotini,
mikono imemezwa na mikono ya koti,
akakaa, akanitazama mara moja,
akaachia.

Yule wa kwenye runinga hakupiga kelele kama hizi.

Baba mtu, mgongo mbovu na yote, akaomba zamu.
Ambakisye akalia akitaka tena, na tena.
Mimi niliteleza mara nne. Sikuona haya,
ila mara ya tatu, alipopita mama mmoja na mzigo wa kuni,
akanitazama gauni, akasema, "Poleni na safari."

Kwenye treni ya kurudi nikafungua daftari.
Mgomba: bure.
Kuanguka: bure.
Sabuni ya gauni: mia nane, haikuwemo.
Dharura: imeguswa, tulinunua mahindi ya kuchoma,
na moja la Mkude.

Tabata, saa nne usiku, feni imezimika na umeme wake.
Tusekile amelala na koti, amekataa kuvua,
jasho linamchuruzika shingoni,
kadi imelowa, mlima wake unaanza kufutika.
Nimekaa pembeni ya kitanda
nampepea kwa daftari.