Ritifaa

Nilikuwa ghorofa ya tatu, Kibuye,
juu ya duka la cherehani,
wiki niliyobadilisha anwani za chama cha mpunga cha Ahero.
Kurasa elfu sita na mia mbili,
kila moja ikiitwa kwa namba, kama mfungwa.

Mwenyekiti, Bwana Nashon Okech, alitaka majina.
"Nani hutafuta namba?" aliniuliza.
"Mtu hutafuta mbegu. Hutafuta viwavi,
hutafuta namna ya kufukuza ndege shambani."
Alikuwa sahihi. Mpaka leo yuko sahihi.
Nikaandika kanuni, mistari minane tu:
chukua kichwa cha ukurasa,
herufi kubwa zishushe,
nafasi zigeuze vistari,
na alama yoyote usiyoijua, itupe.

Na alama yoyote usiyoijua, itupe.
Mstari huo niliuandika nikinywa chai.

Ijumaa tulikuwa juu.
Ukitafuta ukungu wa mpunga, sisi wa kwanza.
Mwenyekiti akaleta soda, kreti zima,
tukanywa moto moto kwa sababu stima ilipotea.

Jumatatu akaingia Mama Rispah Ang'awa,
tope la mfereji limekauka viatuni,
akaweka mezani kalenda ya mwaka juzi,
akaigeuza. Kwa penseli: 4471.

"Huu ni ukurasa wa mume wangu.
Aliandika jinsi ya kuzuia maji ya Nyando
yasiingie vitaluni mwezi wa nne.
Yeye amekufa, maji bado yanakuja.
Majirani wakiniuliza nawapa namba.
Sasa namba inasema hakuna kitu."

Nikajaribu. Hakuna kitu.
Nikaandika jina lake lote, kama lilivyo. Hakuna.
Saa nzima baadaye nikamkuta
mwishoni mwa anwani ndefu kama treni ya mizigo:
mashauri-ya-zablon-angawa-kuhusu-maji-2

Angawa.
Kanuni yangu ilikuwa imemnyofoa ritifaa,
na kilichobaki, katika Kiswahili cha zamani,
ni neno kamili: ijapokuwa yeye.
Ijapokuwa yeye nini?
Sentensi imekatika hapo.

"Na hiyo mbili?" Mama akauliza. "Wa kwanza ni nani?"
"Ukurasa mtupu. Alibonyeza kitufe mara mbili."
Akacheka mpaka akafuta macho.
"Ndiye huyo. Hata komeo la mlango,
alikuwa akilifunga, analala,
anaamka kulifunga tena."

Nikaweka kibao njiani: 4471, nenda kwenye jina.
Lakini nilikuwa nimesahau kibao cha zamani
kilichosema: jina, nenda kwenye 4471.
Namba ikamtuma kwa jina, jina likamrudisha kwa namba,
namba kwa jina,
hadi kompyuta ikakata tamaa, ikasema
njia hii haina mwisho.
Mama aliangalia kioo, hakusema neno.
Nilisikia jasho likinishuka mgongoni.

Mara ya tatu, mlango ukafunguka.
Maji, magunia, siku ya kupanda. Maneno ya Zablon
na makosa yake yote ya herufi.

Nikataka kulipa deni la jina.
Nikairudisha ritifaa kwa nguvu ndani ya anwani;
ikageuka alama ya asilimia na ishirini na saba
katikati ya Ang na awa,
kama makato ya mkopo.
Nikaiondoa tena. Anwani haina mahali pa sauti hiyo,
ile inayopita puani
na kumtofautisha ng'ombe na kitu kisichokuwepo.

Tangu hapo, kila jioni naweka vibao.
Nimefika 1,318.
Sijui namba ngapi zimeandikwa kwa mkaa ukutani,
ndani ya jalada la Biblia, kwenye mlango wa ghala,
na nani ameshabisha hodi, kimya, akaenda zake.

Siku ile, kabla hajaondoka,
niliandika anwani mpya chini ya namba, herufi kubwa kubwa.
Akaisoma, midomo ikicheza.
"Hiyo ya mashine ni ya mashine," akasema.
Akachukua kalamu yangu,
na kati ya g na a
akatia kinukta chenye mkia.
Namba hakuifuta.