Chai ya Chumvi

Kabla sijagusa bisibisi, nauliza.
Kila mgonjwa ana mwenyewe,
na mwenyewe ana hadithi yake.

Tserenpil, mhasibu wa ushirika wa wafuga mbuzi,
ameshuka ngazi hadi karakana yangu
chini ya jengo la arobaini, Ulaanbaatar,
sharubu zimeganda,
laptopu kaikumbatia ndani ya koti
kama mtoto mwenye homa.

"Imezima tu. Ghafla."
Hakuna kilichomwagika?
"Hakuna."
Haikuanguka?
"Haikuanguka."
Na kidole chake tayari kiko kwenye kitufe.

Nampiga kikofi mkononi,
kama mpishi ampigavyo mdokozi.
Usiwashe! Nje ni thelathini chini ya sifuri.
Joto la humu linaitoa jasho tumboni,
pale usipopaona wewe wala mimi,
na maji na umeme ni wake wenza:
usiwafungie chumba kimoja.
Iache mfukoni mwake, masaa matatu.

"Masaa matatu! Hesabu za mbuzi elfu nne
zinatakiwa kesho asubuhi!"

Mbuzi wana sufu, namwambia. Watavumilia.

Akakaa. Akaitazama saa ya ukutani
mpaka saa ikaona haya.

Kisha nikafungua.
Skrubu kumi, mbili fupi kuliko wenzake;
nazipanga juu ya karatasi niliyoichora,
kwani mwaka wangu wa kwanza
nilikaza ndefu penye shimo la fupi,
nikautoboa ubao wa watu,
nikaulipa kwa mishahara miwili.
Betri kwanza. Chomoa betri kwanza,
hata kama unaapa imekufa.

Feni haizunguki: imevaa masizi.
Majiko yote ya mitaa ya mahema,
makaa yote ya Desemba na Januari,
yamelala humu, meusi, laini kama manyoya ya paka.
Nayapuliza nje.
Tserenpil anakohoa.
Sisemi kitu. Tunavuta hewa moja,
yeye, mimi, na mashine.

Kadi ya kumbukumbu naichomoa,
nayasugua meno yake ya dhahabu
kwa kifutio cha binti yangu Anudari,
kile cha waridi, chenye alama za kung'atwa.
Narudisha. Kimya.

Basi nikainua kibodi.
Chini yake, ukoko mweupe
umetambaa kama ramani ya mto.
Nikaweka kidole. Nikaonja.

Maziwa. Majani ya chai. Chumvi.

Nikamtazama.
"Mjukuu," akasema.
Feni ya dirisha ikazunguka mara nyingi.
"Mimi," akasema. "Saa nane usiku.
Nilisinzia juu ya hesabu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua;
mficha chai, kibodi.
Ungeniambia mlangoni
ningeanzia hapa, tusingezunguka.

Mswaki, spiriti, subira.
Kipimo cha volti nacho kina ulimi wake:
tundu la chaja, kumi na tisa;
hatua moja mbele, sifuri.
Katikati yao, fyuzi
ndogo kuliko punje ya ulezi,
imekufa ikiulinda ubao.
Nikashika pumzi, nikalehemu nyingine.

Sasa washa.

Feni ikasita, ikakumbuka kazi yake.
Mwanga ukapanda usoni mwa Tserenpil
akazeeka na kuwa kijana kwa mpigo mmoja.
Akaanza kuandika papo hapo, amesimama,
akabonyeza, akabonyeza tena.

"Nne haiandiki."

Chumvi imeila. Kibodi mpya
inakuja Alhamisi, kwa treni ya mpakani.

Akawaza, akiwa amevaa glavu moja tu.
"Basi nitaandika
elfu tatu, mia tisa, tisini na tisa."

Na huyo mmoja?

Akainama kutafuta glavu ya pili,
iliyokuwa mkononi mwake.
"Tulimla," akasema,
"kwenye harusi ya binti yangu.
Sikuwa nimemwandika."