Hewa ya Kufukuza Hewa

Pipa la kwanza lilivuja siku ya tatu.
Mama Chilufya alilirudisha kwa mkokoteni
kutoka soko la Katuba, munkoyo ukidondoka njiani,
tone, tone, hadi mlangoni petu,
na nzi nyuma yake wakiisoma ile barua ndefu.

Nikapitisha kidole. Kwa nje, mshono safi,
mwembamba kama mstari wa kalamu ya mwalimu.
Leza haina makelele:
inagusa chuma, chuma kinalia kidogo, kinakubali.
Nilikuwa nimejisifu mbele za watu.
Mashine yenyewe ni deni la miezi kumi na minane.

Mwadi ndiye aliyeingiza kichwa ndani ya pipa,
mwanafunzi wangu, tochi ya simu mkononi.
Sauti yake ikanijia kama ya mtu aliye kisimani:
"Patron, huku ndani kumeungua."

Kumeungua kweli.
Mgongo wa mshono mweusi, wa chengachenga,
kama sukari iliyosahauliwa sufuriani,
na kati ya chenga, vitundu,
kila kimoja pumzi iliyonaswa chuma kikiganda.

Siku nzima nililinda uso.
Munkoyo haukai usoni.

Basi chupa ya agoni, iliyovuka Kasumbalesa
kwa lori na risiti tatu.
Ndefu, baridi, haina harufu.
Gesi mvivu: haiwaki, haiozi,
haioi wala haiolewi.
Chuma kinachemka mbele yake, haikigusi.
Inasimama tu, na hewa inakosa pa kupita.

Namjua mtu wa namna hiyo.
Tulipomzika baba, shemeji Kapend
alikaa siku tano kwenye kiti cha plastiki pale kilioni.
Hakuomba chai, hakutoa hotuba.
Lakini wajomba waliokuja na maneno juu ya nyumba ya marehemu
walimkuta pale, wakameza mate,
wakauliza habari za mvua.

Nikafungua gesi kwa pupa: lita thelathini kwa dakika.
Mshono ukatoka wa kijivu, mchafu kuliko wa juzi.
"Umeikimbiza," Mwadi akasema,
"imejizungusha, imeivuta hewa ya nje, imeingia nayo."
Akarudisha mshale hadi kumi na tano.
Akafunga mlango, maana ilikuwa Agosti,
na upepo wa Agosti mjini Lubumbashi
huingia na vumbi jekundu bila kupiga hodi.
Ufa wa chini akauziba kwa gunia la unga.

Kisha jambo ambalo sikumfundisha mimi:
akabandika utepe upande wa ndani, kote nyuma ya mshono,
akaacha kijichumba chembamba,
akapenyeza mpira wa pili, lita tano tu,
akakaa juu ya ndoo.
"Tunangoja nini?"
"Hewa itoke. Hii ni nzito, inajaa toka chini kama maji."
Fundi asiye na kazi mikononi huona haya.
Nikafagia. Nikafagia tena.

Umeme ulikatika mara mbili. Hilo nalo liandikwe.

Jioni akaubandua utepe. Sikungoja kuitwa,
nikaingiza kichwa mwenyewe, mabega yakikwaruza ukingo.
Mshono ulikuwa umelala pale, rangi ya asali changa,
bila chenga, bila tundu, mgongo sawa na uso.
Nikasema kitu. Pipa likanirudishia, sikukielewa.

Mama Chilufya alikuja Jumamosi.
Akagonga kwa pete, akatega sikio,
akajaza maji, akapitisha kiganja chini: kikavu.
Ndipo akaomba bili, akaisoma polepole,
bati, kazi, umeme,
kidole kikasimama.
"Agoni ni nini?"
Nikamweleza kadiri nilivyoweza.
Akaniangalia mimi, akaiangalia chupa,
akaangalia uwazi kati yetu, mtupu, wa bure.
"Ata mupepo munaanza kuuzisha?"

"Mama," Mwadi akasema, akikunja mpira wake,
"ule wa bure ndio uliokuvujishia."

Akatoa dola. Zilipungua mbili.
Nikazipokea hivyohivyo.