Shibiri Moja na Nusu

Kwanza zima friji.
Ukishaizima, tia funguo za gari humo ndani,
kando ya maziwa,
maana mwezi uliopita tulisahau
na kilo nne za samaki zikatuaga kwa harufu.
Sasa hatoki mtu nyumba hii bila kuifungua,
na akiifungua, atakumbuka.

Kisha tanuri la gesi kule chini,
linalokoroma tangu Oktoba
kama shemeji aliyesema anakaa wiki moja.
Lizime nalo.
Winnipeg leo ni thelathini na moja chini ya sifuri.
Nyumba itashika joto dakika arobaini,
baada ya hapo nyuzi za gitaa zitaanza kusema uongo.
Dakika arobaini, Mwamvua. Tusicheze.

Nilizunguka nyumba nzima nikipiga makofi
kama mwendawazimu, nikitafuta
pahali ambapo kofi haliendi likarudi.
Sebuleni lilirudi mara mbili.
Bafuni lilirudi na ndugu zake.
Kwenye kabati la makoti likafa papo hapo,
likamezwa na pamba, na sufu,
na koti la manyoya la Bibi Halyna wa nyumba ya pili,
alilotuachia alipohamia kwa mwanawe Brandon.
Nikasema: hapa.

Soksi yako ndefu iliyotoboka nimeivuta
juu ya hanga niliyoikunja duara.
Jana neno «pepo» lilipasuka kama puto;
leo litapita kama mgeni
aliyevua viatu mlangoni.

Maikrofoni ni ya dola themanini,
ya duka la rehani, ubavuni imechorwa kwa msumari
jina la mtu aliyeiweka asirudi kuikomboa.
Simama shibiri moja na nusu.
Ukisogea, sauti inavimba.
Ukirudi nyuma, ukuta unaingilia mazungumzo.
Nami huku naangalia ile taa:
kijani, kijani, manjano kidogo.
Nyekundu hapana.
Nyekundu ni maji yaliyomwagika.

Mara ya kwanza, greda la theluji
likapita Selkirk likikwaruza lami.
Mara ya pili ulicheka.
Mara ya tatu tumbo lako,
tumbo la mtu aliyefua mashuka ya hospitali
usiku kucha na kunywa chai kavu.
Mara ya nne
nilisikia ulimi ukibanduka kwenye kaakaa
kabla ya neno,
na nikajua, kwa jinsi nywele za mkono zilivyosimama,
au labda ilikuwa baridi.

Nikakaa na kompyuta, blanketi mabegani.
Nikakata pumzi zako moja moja
kama mtu anayechambua mchele.
Safi. Nikasikiliza.
Alikuwa anaimba mtu asiyehitaji kuishi.
Nikazirudisha zote, thelathini na nne,
isipokuwa moja ya ubeti wa pili:
yale yalikuwa mafua, si sanaa.

Sasa twende garini, nikasema,
kazi haijaisha mpaka ipite kwenye spika mbovu.
Tukafungua friji, tukatoa funguo,
tukaiwasha, tukajipongeza.
Tukakaa ndani ya Corolla, vioo vimeganda,
spika ya kushoto ikitetemesha plastiki ya mlango,
na sauti yako ikatoka katikati, pale kwenye dashibodi,
kavu, karibu, imekaa juu ya gitaa
bila kulikanyaga.

Hukusema kitu hadi mwisho.
Kisha: «Irudishe.»
Nikairudisha.
Ukafuta kioo kwa kiganja, ukatazama nje
mahali ambapo hapakuwa na kitu,
ukasema: «Mbona huyu anaimba
kama hana zamu kesho?»

Tukasikiliza mara sita.
Tuliporudi ndani pumzi zetu zilionekana,
na bomba la jikoni likakohoa, likanyamaza.
Friji ilikuwa inanguruma vizuri kabisa.
Tanuri, nani alilitilia funguo?