Ua Mmoja

Mthamini alipofika Shimo la Udongo
alikuwa na futi kamba, ubao wa kuandikia, na haraka.
Vyumba: vitano. Bati: arobaini na mbili.
Mpapai mmoja, jike. Choo cha shimo, kimoja.
Kisha akasimama katikati ya kile kipande cha mchanga
kilichochorwa mistari ya chelewa kila alfajiri,
akauliza bila kuinua macho, "Na hapa pana nini?"
"Pana ua," alisema Bi Sikudhani, mama yangu.
"Ua wangu huu. Andika: ua mmoja."

Akaandika.

Miezi saba baadaye orodha ilirudi na mhuri.
Mpapai, bei yake. Choo, bei yake.
Na chini kabisa, kwenye Mimea ya Mapambo:
Ua moja, shilingi elfu mbili na mia tano.

Tulicheka, jamani. Chausiku alishika ukuta.
M ilidondoka njiani kati ya mdomo na kalamu,
na arusi tatu, tanuri la mikate ya kumimina,
maji ya kuoshea maiti wa jirani, vyote
vikaingia ndani ya kikopo cha asumini
ambayo hatukuwahi kuwa nayo.

Uani ndiko mama alikovua mtandio.
Uani ndiko walikoomba kwenda wageni
walioona haya kutaja choo.
Huko nilifundishwa kukuna nazi, mwanamume mzima,
huko shangazi Mwanahawa alilia mwezi mzima
bila barazani kujua.
Kuku walichinjwa huko pia: neno lina kisu chake,
hatukulificha.
Mtu wa barazani aliijua nyumba yetu.
Mtu wa uani alitujua sisi.

Sasa panaitwa yadi.
Yadi namba nne, na mimi ndiye karani wake.
Kazi niliipata kwa sababu najua mitaa,
ingawa mitaa yenyewe haipo.
Naandika namba za makontena: limeingia, limetoka.
Kontena la bluu limekaa penye jiko la mkaa,
nadhani. Sina hakika.
Alama niliyobaki nayo ni nguzo moja ya umeme,
nayo Chausiku anasema waliihamisha.

Mama tulimpeleka Mbande, vyumba viwili vya kupanga,
mlango unafunguka barabarani moja kwa moja
kama mtu asiye na kope.
Chausiku alitoa elfu mbili na mia tano
akanunua mche wa asumini, akauotesha kwenye ndoo ya rangi,
"ili serikali isiwe imesema uongo."

Jioni moja nilisema, "Leo nimechelewa yadi."
Mama akanikosoa. "Yadi si pahali, mwanangu.
Yadi ni hii."
Akanyoosha mkono, ncha ya pua mpaka ncha ya vidole,
kama muuza nguo Jivraj alivyompimia
kitambaa cha arusi yake, jora likibingirika mezani.
Mkono ulitetemeka kidogo.
Kwake yadi iliishia kwenye ukucha.

Rajabu nilikwenda Kariakoo kununua bafta.
Kijana alipima kwa rula ya chuma, kwa mita.
Nikamwomba yadi. Akanitazama
kana kwamba nimeomba mchele kwa kibaba.
Nikapima mwenyewe, watu wakisubiri nyuma yangu:
pua, vidole. Pua, vidole.
Nilisahau kwamba mkono wangu ni mrefu kuliko wake.

Kitambaa kilizidi.
Kile kilichobaki kipo kabatini, kimekunjwa mara nne.
Hakitoshi shuka, na kwa leso ni kikubwa.
Asumini ya Mbande imechanua wiki hii,
maua kumi na moja, Chausiku kayahesabu,
na mimi bado sijui wingi wa ule mwingine
kama kuna mtu anautumia tena:
nyua.