Mteremko wa Feri

Saa moja kasorobo asubuhi, Likoni.
Tunateremka mdogo mdogo,
kila mtu na hesabu zake za kodi na karo,
mara kijana wa shati la manjano
akatoka mbio.

Hakusema neno.
Muuza mofa akashika chano chake kichwani, akamfuata.
Bawabu, kofia mkononi.
Karani mwenye goti bovu.
Nami, Mwanaidi binti Shee,
niliyekuwa na nusu saa nzima ya kuchezea,
nikakunja buibui, nikakimbia.

Huko chini hapakuwa na feri.
Ilikuwa ng'ambo bado, haijageuza hata pua.
Kijana alikuwa ameinama kwenye vyuma
akiokota kofia yake iliyochukuliwa na upepo.
Akaipangusa, akaivaa,
akatushangaa.

Tukasimama tukihema. Hakuna aliyemtazama mwenziwe.
"Siku hizi feri haziaminiki," karani akasema,
na sote, watu wazima, tukaafiki.

Pale pale nikamkumbuka Bi Rukia wa ghorofa ya pili.
Ngazi nzima ilipoacha kumsalimu
nami niliacha.
Mwaka wa tatu huu.
Namsikia akikohoa usiku, juu ya kitanda changu,
wala sijui alimkosea nani.
Sikuuliza. Nani aliuliza?
Niliona migongo tu, nikageuza wangu.

Feri ikaja, ikalaza ulimi wake ukingoni.
Mnyororo ukafunguliwa.
Hakuna aliyesogea.
Karani akanitupia jicho,
anangoja nianze.